Betri ya Nne ya Timboroa

Halima aliponipigia simu asubuhi ile hakusema hata hujambo. Alisema tu, "Dada Achieng', Baba ametutoka, na tunamzika leo alasiri," nikajua kwamba nikitaka kumuaga Mzee Rajabu sina muda hata wa kutafuta viatu vyeusi. Wenzetu Waislamu hawamkawizi maiti kama sisi Wajaluo, tunaomlaza mochari wiki mbili tukisubiri shemeji wa Mombasa apate ruhusa kazini. Nilifika Kaloleni jua likiwa utosini, nikajifunga leso kichwani, nikaketi mkekani pamoja na wanawake. Jeneza lilipotoka wanaume waliondoka nalo, sauti zao zikafifia kuelekea makaburini, na sisi tukabaki chumbani na birika la chai ambalo hakuna aliyeligusa. Mimi sasa ni nyanya wa wajukuu wanne, magoti yananilalamikia kila nikiinuka, lakini nililia pale bila kujizuia. Waliokuwa karibu walidhani ni uchungu wa msiba tu, na kweli uchungu ulikuwepo. Ila nilikuwa pia na neno moja nililolificha zaidi ya miaka thelathini, na mtu niliyepaswa kuliungamia mbele yake alikuwa anashushwa kaburini.

Mwaka ninaousema ni mmoja wa katikati ya miaka ya themanini, nilipofanya kazi katika chumba cha betri cha Mzee Rajabu nyuma ya soko la Kibuye. Habari za kwetu Nyalenda na za jinsi nilivyomaliza Kidato cha Nne nitaziruka, kila mtu ana za kwao. Chumba kilikuwa cha mabati, sakafu yake ya saruji imeliwa na asidi hadi ikawa na mashimo kama ya ndui. Juu ya mbao ndefu zilipangwa betri za malori, za trekta za miwa, na zile kubwa za matingatinga ambazo wanaume wawili huzibeba wakitukanana. Harufu ilikuwa ya mayai viza. Gauni zangu zote zilitoboka mapajani, mama akanunua dawa ya panya. Wenye gari zinazowaka kila asubuhi hawajui kwamba betri inaweza kufa kabisa kabisa, ikakaa miezi haina hata nguvu ya kuwasha taa ya baiskeli, na mafundi wengi huitupa. Mzee Rajabu hakutupa. Watu walimletea maiti, naye akazirudisha hai, na mimi niliyesoma fizikia na kujiona mjuzi nilisimama pale mdomo wazi, wiki baada ya wiki, kana kwamba naona miujiza.

Njia yake ilikuwa ya subira. Betri iliyokufa sana haipokei chaji, ukiiunganisha na mashine ni kama kumpa chakula aliyezimia. Kwa hiyo kwanza aliiunganisha na betri nzima, kichwa kwa kichwa, akisema mgonjwa halazwi peke yake. Kisha alifungua moto wa chaja, mdogo, mdogo sana, akauacha siku mbili au tatu. "Maharagwe ya zamani," aliniambia siku ya kwanza nilipotaka kuongeza, "ukiyawekea moto mkubwa yanaungua nje, ndani mawe." Halafu alichukua kipande cha mpira wa bomba, mwisho mmoja akauweka sikioni na mwingine kwenye tundu la betri, akasikiliza. Kila betri ya aina ile ina vyumba sita ndani, na alitaka vyote sita vichemke sawa. Nilipojaribu mimi sikusikia kitu kwa siku nyingi. Kisha asubuhi moja nikasikia: mchirizo mdogo, kama mvua inayoanzia mbali juu ya mabati ya jirani. Kitu kilichokuwa kimekufa kilikuwa kinapumua. Nilimtazama Mzee Rajabu, naye akacheka kwa furaha yangu, macho yake yakiangalia kidogo pembeni ya mahali niliposimama.

Hayo macho. Wiki ya tatu tangu niajiriwe, dereva wa kampuni moja ya barabara alikuja kuchukua betri, nikamkuta Mzee ameinua kipimo kuelekea dirishani. Kipimo chenyewe ni bomba la kioo lenye mpira wa kunyonyea, unavuta maji ya betri ndani, kijiti kinaelea, unasoma namba, na namba hukwambia kama asidi imerudi. Mzee alikiinua, akatikisa kichwa taratibu kama anayesoma, akasema, "Nzuri hii." Kipimo kilikuwa kitupu. Hakikuwa na hata tone. Dereva hakuelewa, lakini mimi nilielewa. Nilikwenda nikakichukua mkononi mwake kwa adabu. "Mzee, acha nisome, wewe umechoka." Nikanyonya, nikasoma namba kwa sauti. Dereva alipoondoka Mzee alikaa kwenye kreti la soda.

"Sasa unajua," akasema.

"Najua nini, Mzee?"

"Basi," akasema. "Na iwe hivyo."

Tangu siku ile kazi yetu ikawa hivyo: yeye anauliza "Inasoma ngapi?" na mimi najibu. Hospitali walikuwa wamemwambia presha ya macho imekwisha kuyaharibu, hakuna la kurudisha. Na chumba kile kiliishi kwa kazi ya kampuni ile ya barabara. Injinia wao alitaka kila betri irudi na kadi yenye namba za vipimo, imesainiwa, na alikuwa mtu wa kufukuza kazi mtu kwa bolti moja. Angejua kwamba fundi wake wa betri haoni, kazi ingekwisha siku hiyo hiyo, na mzee angekaa nyumbani akisubiri kuambiwa chai iko upande gani. Kwa hiyo niliandika kadi, nikauweka mkono wake mahali pa sahihi, akasaini. Nilijiona muhimu kweli kweli. Nilidhani mimi ndiye ninayembeba.

Kabla ya mvua kubwa tukaitwa Timboroa, juu milimani kwenye baridi. Tingatinga la kampuni lilikuwa limeachwa kambini juu kule tangu kazi iliposimama, nusu mwaka mzima, na sasa lilihitajika kufungua barabara kabla matope hayajaifunga. Betri zake nne zilikuwa zimekufa fofofo. Injinia alitoa neno moja tu: atapanda Jumamosi, na akikuta tingatinga haliwaki ataagiza betri mpya Nairobi na fundi wa Nairobi aje nazo, achukue kazi yetu moja kwa moja. Tulipanda Jumanne na lori la kokoto, sisi wawili, chaja, jenereta ndogo, betri moja nzima ya kuamshia wenzake, na furushi la obambla, samaki aina ya ngege aliyepasuliwa na kukaushwa juani, ambalo mama alinifungia kwa kuamini kwamba huko juu watu hawali. Kufika Londiani meno yangu yaligongana. Mimi mtoto wa ziwani nilikuwa sijawahi kuona pumzi yangu mwenyewe. Nilipumua, nikaiona, nikapumua tena, hadi Mzee akaniuliza kama naumwa.

Kambi ilikuwa vibanda vya mbao katikati ya misonobari, na chumba pekee chenye joto kilikuwa jiko la Kiprop, mpishi, mtu mwembamba mwenye koti la mvua alilolivaa hata ndani. Jiko lilikuwa refu, jeusi kwa moshi, lenye meko ya mawe upande mmoja na benchi upande wa pili, na ukuta wa mbao nyembamba uliolitenga na ofisi. Kila kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili. Jioni ile nikipasha obambla nilisikia vibarua wakizungumza huko ofisini.

"Wameleta mwanamke wa betri."

"Mwanamke na asidi, wapi na wapi?"

"Ngoja moja iharibike. Utasikia Injinia."

Kiprop alisikia pia. Alinisogezea kibuyu cha mursik, maziwa lala ya kwao yaliyotiwa mkaa, akasema, "Kunywa, dada. Hao hata sufuria ya chai wanaunguza." Nilikunywa, nikakunja uso, akacheka. Mzee naye alionja obambla ya mama, akala mfupa kwa mfupa, akasema sasa Timboroa imekuwa Kisumu.

Betri tatu zilikuwa zimeshatolewa na kuwekwa ndani ya jiko, mbali na moto. Ya nne ilibaki mahali pake ubavuni mwa tingatinga, bolti yake imeshikwa na kutu, wakasema kesho. Na hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kwetu Kibuye, kabla ya kufunga kazi jioni, unafungua vizibo na kuongeza maji ya betri, yale matupu yasiyo na asidi, kwa sababu joto la mchana huyakausha na jioni kumepoa. Nilikuwa nimefanya hivyo kila jioni ya Mungu. Mzee alikuwa anasali. Nilitaka akimaliza akute kazi imeanza, na maneno ya wale vibarua yalikuwa bado yananiwasha masikio. Nikajaza zile tatu, kisha nikatoka na taulo begani, jua likizama, nikaijaza na ile ya nne mpaka shingoni, nikafunga vizibo, nikajisifu.

Asubuhi nilifungua mlango nikadhani mtu amemwaga unga. Nyasi zote zilikuwa nyeupe, na waya wa uzio, na kiti cha tingatinga. Kiprop alisema ni sakitu tu, umande ulioganda, huja na kuondoka. Nilisimama pale kama mjinga, nikiikanyaga isikike inavyovunjika. Kwetu tunajua pe, mawe ya mvua yanayoanguka na kuyeyuka kabla hujamaliza kupiga kelele. Lakini nchi nzima kulala kijani na kuamka imevaa nyeupe, bila hata tone kuanguka, hilo sikuwa nimeambiwa. Nilijisikia mdogo, na furaha ikanijaa. Nikiwa bado na furaha ile, nikaburuta jenereta na chaja hadi kwenye tingatinga, Mzee akinifuata mkono ukiwa begani mwangu. Nilisema ya nne tuichaji hapo hapo wakati wanatafuta spana. Nikawasha jenereta, nikaweka kibano cha kwanza kichwani mwa betri, nikainua cha pili.

"Ngoja," akasema.

"Mzee, nimefuata rangi vizuri."

"Nimesema ngoja, nyara. Usiguse."

Aliniita nyara, binti yangu kwa Kijaluo, kila alipokuwa hana mchezo. Alinyoosha mkono, akaipata betri, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Kisha akaisukuma kidogo, huku na huku, kichwa kimeinama. Betri ina maji ndani, ukiisukuma hutikisika, hata mtoto husikia. Hii haikusema kitu. Akafungua kizibo, akaingiza kidole, akakitoa kikavu.

"Zima jenereta," akasema polepole. "Tazama ndani, uniambie unaona nini."

Nilichungulia. Ndani ya tundu, mahali pa maji, kulikuwa na jiwe jeupe. Maji yangu ya jioni yalikuwa yamegeuka barafu ndani ya sanduku lililofungwa. Niligusa kwa kidole changu mwenyewe, nikakivuta kama nimeungua. Na ubavuni, nilipoangalia vizuri, sanduku lilikuwa limevimba, na ufa mwembamba kama unywele ulishuka hadi chini.

Alinieleza akiwa ameketi kwenye mnyororo wa tingatinga, mikono kwapani. Betri iliyojaa chaji haigandi, asidi huilinda. Betri ikifa, asidi hujificha ndani ya mabamba yake ya risasi, na kinachobaki ni karibu maji matupu. Ukiiongezea maji mengine juu bila chaji ya kuyachanganya, baridi ya huku inayakuta hayana ulinzi. Na ukichaji iliyoganda, hewa haina pa kutokea. "Nilifanya kazi kambi hizi kabla hujazaliwa," akasema. "Nilimwona mtu aliyechaji iliyoganda. Ilipasuka usoni kwake." Mimi nilikuwa nimeinama juu yake, uso kwa uso, kibano mkononi. Nilikuwa na macho mawili mazima na sikuona kitu. Yeye asiyeona aliona kwa kidole. "Kosa langu," akaongeza. "Sikukuonya. Nimekaa joto muda mrefu mpaka nikasahau." Nilitaka kumkatalia, nikaanza kukunja nyaya za chaja.

Hatukuzungumza tena juu yake. Ya nne tuliifunga gunia, tukaiweka kwenye kona ya jiko, na ilipoyeyuka ikavuja kwenye sakafu ya Kiprop. "Hii ni jiko ama ni gereji?" akafoka. "Mtu ataonja supu akufe!" Mzee akamjibu, "Bwana Kiprop, wagonjwa wangu hawali, wanataka joto tu," na Kiprop akaenda zake akinung'unika, kisha akarudi na blanketi lake mwenyewe akazifunika zile tatu. Siku tatu zile tuliishi humo pamoja nazo. Usiku tulizima jenereta, alfajiri tukaiwasha. Siku ya kwanza sindano ya chaja haikunyanyuka kabisa. Siku ya pili ikasogea unene wa ukucha. Ijumaa jioni, nikiwa na mpira sikioni, nikisikia kwanza moto wa kuni, kisha Kiprop akikatakata sukumawiki, kisha moyo wangu, nikasikia mvua ile ya mbali. Chumba cha kwanza. Cha pili. Vyote sita. Nilishindwa kusema, nikampa Mzee mpira tu. Alisikiliza muda mrefu. "Inasoma ngapi?" akauliza, ingawa alikuwa anajua.

Jumamosi Injinia alifika mapema, kofia ngumu kichwani, akataka liwake hapo hapo. Mzee alikataa. Alisema tungoje adhuhuri, oili ya injini ipate jua, na akaagiza makaa ya Kiprop yawekwe kwenye karai chini ya tumbo la tingatinga. Kati ya betri tatu tulichagua mbili zilizosoma vizuri zaidi, kwa sababu mbili zikiungana zinatosha injini ikiwa na joto, na vibarua wanne wakazibeba kutoka jikoni zikiwa bado zimefungwa blanketi, wakitembea kwa uangalifu kama wamebeba watoto wachanga. Hakuna aliyetukana. Nilifunga nyaya mwenyewe. Opereta alipozungusha ufunguo injini ilijivuta mara moja, kwa uzito, ikanyamaza. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu moshi mweusi ukapanda juu ya misonobari, ardhi ikatetemeka hadi kwenye nyayo zangu, na lile dude la tani nyingi lililolala nusu mwaka likanguruma kwa nguvu iliyotoka kwenye masanduku mawili niliyoyasikia yakipumua kwa sikio langu. Yawa! Nililia mbele ya wanaume wale wote, wala sikujali. Mzee alisimama mikono imefunguka, akiupokea mtetemo kifuani.

Baada ya chakula nilikuwa jikoni nikimsaidia Kiprop kuosha sahani. Injinia na Mzee walikuwa ofisini, nyuma ya ule ukuta wa mbao. Nikasikia:

"Kazi nzuri, Mzee. Lakini hii ingine imepasuka aje?"

"Iliganda."

"Iliganda na nani? Betri haijipasui. Nani aliwekea maji?"

Mikono yangu ilisimama ndani ya karai. Povu lilikuwa linapasuka taratibu, nalikumbuka povu lile. Kiprop alinitazama kisha akatazama pembeni. Mlango wa ofisi ulikuwa hatua tano. Nilijua la kusema, maneno mawili tu.

"Niliweka mimi," Mzee akasema, haraka.

"Wewe? Fundi wa miaka yote hii?"

"Sikuona. Macho yangu yamekwisha, Bwana Injinia. Huu mwaka wa pili."

Kisha Injinia, kwa sauti nyingine: "Sasa zile kadi zote? Nani amekuwa anasoma kipimo?"

"Yule binti. Kila namba uliyopokea kutoka kwangu mwaka huu aliisoma yeye. Kuna hata moja uliyoirudisha?"

"Hakuna."

"Basi. Mimi niache niende nyumbani. Yeye usimwache."

Jumatatu nilikabidhiwa ufunguo wa chumba cha betri ndani ya yadi ya kampuni, mwanamke wa kwanza kuushika, na nilikaa na kazi ile hadi nikastaafu. Mzee Rajabu alifunga mabati ya Kibuye, akaketi barazani Kaloleni. Nilikwenda kumwona kila Ijumaa, kisha kila mwezi, kisha sikukuu hadi sikukuu. Tulizungumza betri, samaki wa mbuta kupanda bei, wajukuu. Mara nyingi nilifungua mdomo. Sikuwahi kumwambia kwamba nilisikia kila neno nikabaki nimesimama mikono majini, wala kumwomba radhi kwa hilo.

Kwa hiyo siku ile ya mazishi, wanaume wakiwa bado makaburini, nilimvuta Halima karibu mkekani nikamwambia. Nilimwambia yote, sakitu, maji ya jioni, ufa. Nikasema, "Ile betri ya nne niliipasua mimi. Baba yako alipoteza kazi kwa ajili yangu."

Halima alifuta macho kwa ncha ya leso. "Tunajua, dada. Alitusimulia siku ile ile aliyorudi. Mama alimgombeza kweli. Akamwuliza, kwa nini ukajichongea? Si ungenyamaza tu?"

"Akasema nini?"

"Akasema alikusikia kule jikoni. Ulikuwa unaosha vyombo, sahani zinalia, halafu zikanyamaza. Akasema, 'Nikajua anakuja kusema ukweli, yule mtoto, na wangemmaliza. Ikabidi niwahi.'"

Wanawake walikuwa wameanza kumimina chai. Mtu aliniwekea kikombe mkononi, nikakishika kwa mikono miwili. Halima alikuwa ananitabasamia, ananipenda kama baba yake alivyonipenda, na sikumwambia kwamba sikuwa nimepiga hata hatua moja kuelekea mlango ule.